Google imenishusha, au mfungo umekwisha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina tovuti ya mapishi ya pwani, huu mwaka wa tatu. Mwezi wa tatu wageni walikuwa wengi hadi nikaanza kuulizia bei ya jiko jipya. Ilipoingia Aprili wakaporomoka, na leo hawafiki hata nusu. Kijana mmoja anayejitangaza kuwa mtaalamu anasema nimepigwa na sasisho la Google la Machi 2025, yaani pale Google walipobadilisha namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, na anataka laki tatu aziandike upya kurasa zote. Nimpe? Nimekuwekea picha za Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu walivyoipata tovuti yangu.
Mpika Futari, Tanga

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimpe.

Kuhusu sasisho lenyewe kijana hakukudanganya. Lilianza tarehe 13 Machi likamalizika tarehe 27, na Google wenyewe huziweka tarehe hizo wazi, kuzisoma ni bure. Ila yeye kaangalia kalenda ya Google, hakuangalia ile iliyotundikwa jikoni kwako. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, Idi tukaila mwisho wa mwezi. Sasisho zima, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, limepita watu wamefunga. Wageni wako walikuja kutafuta kaimati na tambi za futari. Sasa Idi ikishapita, kaimati atazitafuta nani?

Google hushauri hivi: sasisho likimalizika, ngoja wiki moja kamili, kisha linganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwake. Kwa muuza matairi ni ushauri mzuri. Kwako wewe utakupotosha, maana wiki ya kabla yote ni mfungo, na wiki ya baada ni siku tatu za mfungo na zilizobaki za pilau ya Idi. Kulinganisha na tarehe zilezile za 2024 nako hakusaidii. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na ile ya 2024 ilianguka yote ndani ya sasisho jingine, lililoanza 5 Machi likaisha 19 Aprili, siku 45! Miaka miwili mfululizo wenzetu wanapitisha ufagio sisi tuko kwenye futari.

Kwa hiyo ruka mfungo wote. Chukua tarehe 3 hadi 16 Februari 2025 uzilinganishe na 5 hadi 18 Mei 2025. Zote zinaanzia Jumatatu na kuishia Jumapili, kwa sababu mapishi ya wikiendi si ya katikati ya wiki. Kisha yagawe maneno ambayo watu huyaandika wakakufikia katika makapu mawili: la futari, na la mwaka mzima, yaani chapati, wali wa nazi, mchuzi wa samaki. Hili la pili ndilo pima yako.

Nimezikodolea macho picha zako na miwani yangu yote miwili. Tazama neno "kaimati laini". Machi lilikuwa, kwa wastani, nafasi ya 3.1 kwenye matokeo, Aprili ni 3.4. Nafasi haijaondoka. Kilichoanguka ni mara ulizoonekana, kutoka elfu tano na kitu hadi mia sita. Huko si kushushwa, watu hawaulizi tu. Wali wa nazi umetoka nafasi ya 2 hadi ya 4. Ushuke kidogo namna hiyo, Google wenyewe wanasema usiguse kitu, na hapo nawaunga mkono. Wengi huharibu ukurasa mzima kwa kuutibu mafua.

Lakini "pweza wa nazi" alikuwa wa 5, sasa ni wa 21. Huyo ndiye mgonjwa wako, na ni mmoja. Nimeufungua ukurasa wake kwenye simu. Aya saba za bibi yako na mawimbi ya bahari (nzuri, sikatai), na mpaka nifike kwenye pweza mwenyewe kidole kimechoka. Nilipofika nikakuta "tui la kutosha". La kutosha ni vikombe vingapi? Pweza achemshwe dakika ngapi kabla ya kutiwa tui? Nikafungua watatu waliokupita, na wote wametaja vipimo na muda hapo juu kabisa.

Usiitazame kabisa ile namba ya wastani wa nafasi ya tovuti nzima. Ukiacha kuonekana kwenye maneno uliyokuwa wa 60, wastani unapanda, ukadhani mambo yamenoga kumbe umepoteza wageni.

Na kabla ya kumlaumu yeyote, angalia kama kurasa zako bado zimo kwenye faharasa ya Google, ile orodha ya kurasa wanazoweza kuzionyesha, na kama hukuletewa taarifa ya adhabu. Nasema hivi kwa sababu mimi nimewahi kuwalaani Google wiki tatu nzima, nikiwaeleza watu kibarazani jinsi walivyonionea. Kumbe fundi niliyemlipa abadilishe sura ya tovuti yangu aliacha tiki kwenye kisanduku kinachozikataza injini za utafutaji kuisoma. Tiki moja. Nikaitoa, nikakaa kimya kibarazani.

Ukurasa wa pweza uandike upya mwenyewe, pweza umempika wewe si yule kijana. Bibi mshushe chini ya mapishi, usimfute. Halafu uvute subira, maana marekebisho mengine huonekana baada ya siku chache, mengine baada ya miezi, na pengine hadi sasisho kubwa lijalo.

Jambo moja la haraka: Search Console hutunza takwimu za miezi 16 tu. Za mfungo zikifika umri huo hufutika. Zipakue wiki hii.