Kabla ya andalio la somo, andika ulivyojifunza kusoma

Wanachuo wa ualimu wanapoletwa shuleni kwetu kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, huja na mafaili yamejaa: azimio la kazi, maandalio ya masomo, zana za maboksi zilizokatwa vizuri kwa mkasi. Wale wanaopangiwa Darasa la I na la II hupokewa na mimi. Kabla sijafungua hayo mafaili nawapa karatasi tupu, nawaomba wakakae chini ya mwarobaini waandike walivyojifunza kusoma na kuandika wao wenyewe. Mwanzoni hucheka. Wengine huuliza kama ina maksi.

Haina maksi. Lakini kama unajiandaa kwenda kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), nakushauri uifanye hata kama shule utakayopangiwa hakuna wa kukupa hiyo karatasi.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, Dan Lortie, alipiga hesabu kwamba kijana wa Marekani anayemaliza sekondari amekaa na walimu darasani kwa saa zipatazo 13,000. Hoja yake ni kwamba anayeingia ualimu haingii mgeni. Amewatazama walimu kazini tangu utotoni, ila amewatazama akiwa ameketi kwenye dawati. Amemwona mwalimu akiingia, akiuliza, akikemea, akisahihisha. Hakumwona usiku akijiuliza kwa nini safu ya nyuma haijaelewa. Saa zetu si zao, lakini hilo la dawati linatuhusu vilevile. Siku darasa linapokushinda, watoto zaidi ya tisini (uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 tunausoma tu kwenye miongozo), hutakumbuka mhadhara wa mkufunzi. Utasikia mdomo wako ukitoa sauti ya mwalimu wako wa Darasa la I.

Nimeishuhudia sana. Kijana ameandika kwenye andalio "mbinu shirikishi", dakika chache baadaye kashika rula ubaoni: "Wote! Baba analima." Darasa linaitikia mpaka mabati yanatetemeka. Ukipita nje unaona raha, unasema hawa wanasoma. Wanaimba.

Najua kwa sababu nami niliimba. Nilisoma Pangani, kwenye shule ambayo ukuta wa kati ya Darasa la I na la II haukufika juu. Kila asubuhi tuliwasikia wenzetu wa Darasa la II wakiitikia kitabu chao, kwa hiyo tulipopanda darasa zile kurasa za mwanzo tulikuwa nazo kichwani. Mwalimu akifunua penye picha ya jogoo, sisi tumeshaanza. Nilikuwa nikisoma ukurasa mzima macho yakiwa dirishani, naangalia pantoni inavyovuka mto.

Kwa hiyo darasani kwangu sitegemei kiitikio. Mtoto akishamaliza kusoma sentensi vizuri, naweka kidole kwenye neno la katikati namuuliza hili ni lipi. Au nazichukua silabi zilezile za ukurasa nazipanga upya ubaoni. Kama kitabu kina baba, kaka na lima, naandika mali, kali, bali. Anayesoma atasoma, hata kwa kusitasita. Anayeimba atakutazama usoni aone midomo yako inaelekea wapi.

Kuna jingine la namna hiyo. Wengi wetu tulifundishwa majina ya herufi: a, be, che, de. Ukimwambia mtoto aunganishe be na a, kwa haki kabisa atakwambia "bea". Tangu mtaala wa Darasa la I na la II ulipoanza kuzingatia KKK mwaka 2015, tunaanza na sauti ya herufi, siyo jina lake. Wanachuo wote wanalijua hilo, ukiwauliza kwenye mtihani watalijibu vizuri. Simama mlangoni uwasikilize wakiwa wamechoka: "Hii ni be!" Ulimi umerudi kwao. Ndiyo maana nataka mtu aandike ulimi wake ulitokea wapi, ajue utarudi wapi.

Lakini nikiulizwa mimi nilijifunzia wapi hasa kuandika, siwezi kuitaja shule. Shule ilinipa mwandiko, nayo naishukuru. Insha tuliandika za "Shule yetu" na "Ng'ombe", zikarudi na wino mwekundu, na hakuna aliyewahi kutaka kujua zaidi kuhusu ng'ombe wangu. Kusoma bila kuambiwa nilianzia kwenye maneno ya kanga za mama na shangazi zilizoanikwa uani, na magazeti yaliyofungia maandazi, ambayo siku zote yaliishia katikati ya habari. (Kanga huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mimi na dada zangu tulizijua kubwa kabla ya ndogo.) Kuandika nilifundishwa na bibi yangu, mzaa baba, ambaye hakujua kusoma.

Baba mdogo alikuwa kazini Mtibwa, kwenye miwa. Bibi akitaka kumwandikia aliniita, "Bwanangu, njoo na kalamu," nikakaa kwenye mkeka, daftari juu ya paja. Mwanzo wa barua ulikuwa na utaratibu wake: mimi hapa sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku moja niliuruka nifupishe kazi. Akaniambia niurudishe, barua isiyo na hofu na mashaka baba yako mdogo atadhani nimemnunia.

Kisha tukafika penye shida yenyewe. Masika yalikuwa yanakaribia na makuti yamechoka. Nikaandika, kama nilivyoelewa, kwamba bibi anataka hela. Akasema, "Nisomee." Nikasoma. Akanyamaza kidogo.

"Hapo ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo, bibi."

"Sivyo. Futa. Andika paa linavuja upande wa kitanda changu. Basi, usiongeze."

Nikamuuliza hela sasa baba mdogo atajuaje. Akasema, "Mwanangu ana akili." Akanitaka nisome tena kuanzia juu, na nilipofika penye kitanda akatikisa kichwa kwamba sawa. Hela ililetwa na mtu wa basi kabla mvua hazijaanza.

Baadaye niliandika barua za majirani, na kadi za salamu za redio za wapangaji, ambazo tabu yake ilikuwa kubanisha majina ya watu wote kwenye nafasi ndogo. Lakini karibu kila kitu ninachokifanya Darasa la II kwenye kuandika kimetoka kwenye ule mkeka. Watoto wangu wanaandika barua kwa mtu aliyepo: mwanafunzi wa Darasa la IV, mpishi wa uji, mama nyumbani. Lazima barua iombe au iulize kitu, na lazima ijibiwe. Sanduku la posta ni boksi la sabuni lililotobolewa. Wasiojibiwa na wenzao nawajibu mimi, safu moja kwa siku, sentensi mbili zinatosha. Mpishi wa uji naye hujibu, kwa mdomo, tena kwa kirefu. Na kabla barua haijaingia kwenye boksi, mwandishi amsomee jirani yake, jirani aseme amesikia nini. Hapo ndipo watoto wanagundua wenyewe kwamba wameruka neno. Wino wangu mwekundu unabaki na kazi ndogo.

Sasa tahadhari, na hili nalisema kwa mkazo kuliko mengine yote. Kumbukumbu yako si ya watoto wote. Sisi tuliofika chuo cha ualimu ndio ambao mambo yalitukubali. Kila msimu huwa kuna mwanachuo wa kuniambia, "Mwalimu, mimi nilichapwa ndiyo nikajua kusoma." Inawezekana. Waliochapwa wakaacha shule hawako chuoni watoe ushahidi wao, wako kwenye mitumbwi na kwenye bodaboda, na wengine mpaka leo wanampa mtu simu awasomee ujumbe. Hesabu inayowaacha hao ni hesabu mbovu.

Kumbukumbu tamu nazo zinapotosha. Mimi nimekulia pwani, Kiswahili ndicho nilichonyonya. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Usukumani, watoto wanaingia Darasa la I wakiongea Kisukuma. Neno ambalo mtoto wa Pangani akishalitamka tu analitambua, kwao lilikuwa sauti tupu. Mtoto anaweza kutamka "kisima" sawasawa, ki-si-ma, asijue kama ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa, na Kiswahili kilivyo rahisi kutamka kama kilivyoandikwa kinaficha jambo hilo vizuri sana. Mwalimu mwenzangu mzaliwa wa hapohapo alikuwa akianza na mazungumzo na picha siku kadhaa kabla ya kugusa herufi. Utoto wangu haukuwa na kitu cha namna hiyo, ilibidi nichukue kwake.

Wale wenye kumbukumbu chungu wasizifiche. Tulipata mwanachuo mmoja aliyeandika kwamba alifika Darasa la IV hajui kusoma, na akaeleza alivyokuwa akijificha: zamu yake ya kusoma ikikaribia, anajitolea kwenda kuleta chaki, kufuta ubao, kuchota maji. Walimu walimsifu kwa nidhamu. Wiki ya kwanza tu darasani kwangu akanionyesha watoto wawili niliokuwa nikiwatuma chaki kwa sababu ni wepesi na wana adabu. Kweli, hawakujua. Aliwapa kazi ya kubaki na kadi za silabi wakati wa uji, yeye na wao tu, bila hadhira.

Ukikaa kuandika karatasi yako, usiandike wasifu. Andika nani alikuwa amekaa karibu nawe. Kitu gani ulikisoma bila kuambiwa, na kilikuwa kimeandikwa juu ya nini. Nani alisoma ulichoandika, na alisema nini. Ulichokuwa hujui ulikifichaje. Halafu pitia andalio lako la kwanza ukiwa na karatasi hiyo pembeni, uone ni hatua zipi ulizichagua na zipi zimejileta zenyewe. Zilizojileta si lazima ziwe mbaya. Mimi kusoma hadithi kwa sauti Ijumaa na kuikatisha penye utamu kumejileta kutoka kwa mwalimu wangu wa Darasa la III, nami sina mpango wa kuacha.

Na wazazi wasiojua kusoma usiwahesabu kuwa hawana msaada. Waambie mtoto awasomee, wao wasikilize, wamuulize amesoma nini, na kama hadithi haiingii akilini wamwambie arudie. Kwa hilo hawahitaji kujua hata herufi moja. Kikao cha wazazi kikiitishwa omba dakika tano uliseme, na uombe uwekwe mwanzoni kabisa, kabla ya ajenda ya michango, maana ikifika michango watu huanza kuaga.