Maswali ya Wasomaji: Tangi la kompresa lipimwe kwa upepo au kwa maji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi msaidizi katika karakana moja jijini Mwanza. Tangi la kompresa yetu, la lita 200, lilitoboka chini kwa kutu. Fundi mkuu alilichomelea kiraka, akalijaza upepo hadi geji ikasoma baa 12 (baa ni kipimo cha shinikizo), ilhali kazi ya kila siku ni baa 8, kisha akaniagiza nipake povu la sabuni kwenye mshono nione kama unavuja. Nilipouliza kwa nini tusitumie maji, alisema maji yataliozesha tangi. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na ulikuwa na haki ya kuuliza. Upepo ulioshindiliwa hufanana na springi iliyobanwa: tangi la lita 200 lenye baa 12 limebeba nguvu inayotosha kurusha gari la tani moja zaidi ya meta 30 juu, na mshono ukiachia, nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja, wakati uso wako uko shibiri moja kutoka kwenye povu. Maji hayashindiliki kwa kiasi cha maana; tangi lililojaa maji likipasuka, hutema kidogo na geji hushuka papo hapo, kwa kuwa nguvu iliyomo ni pungufu zaidi ya mara elfu.

Kipimo cha maji hufanywa hivi. Tangi hujazwa huku tundu la juu likiwa wazi hadi maji yatoke bila mapovu, maana hewa iliyonaswa ndani hurudisha hatari ileile. Kisha shinikizo huongezwa kwa pampu ya mkono, polepole, kwa hatua. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, hutaka mara 1.3 ya shinikizo la juu ambalo tangi limeidhinishiwa, yaani baa 10.4 kama lenu limeidhinishiwa baa 8. Hapo hakuna anayelisogelea wala kukaza nati. Linakaguliwa baada ya shinikizo kushushwa hadi lile lililoidhinishwa. Povu la sabuni lina nafasi yake, lakini baadaye, kwa upepo mdogo tu.

Kuhusu kutu, fundi wako amesahau kwamba kompresa huingiza unyevu kila siku, na ndio uliotoboa tangi hilo, pengine kwa sababu koki ya chini haifunguliwi jioni kumwaga maji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kiraka chenyewe. Bati lililoliwa na kutu hadi likatoboka huwa limekonda pia kuzunguka tundu, kwa hiyo kiraka kimeshonwa kwenye chuma dhaifu, na hata kipimo cha maji kingethibitisha uimara wa leo tu. Zimeni kompresa, mtoe upepo wote, mkamwite mkaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Akilikataa, tangi likatwe vipande kabla ya kufika kwa wauza vyuma chakavu, asije fundi mwingine akalinunua na kulipaka rangi.