Re: Deraya ya +2 imeua mchezo wetu (kikundi cha Kisumu)

Boss, wewe kama msimamizi wa mchezo wetu wa D&D (mchezo wa dadu wa kuigiza mashujaa), usimnyang'anye mchezaji wako deraya yake ya +2. Umesema goblini (vijitu waovu wadogo) hawamgusi tena; hesabu ndiyo hii. Kinga ni namba ambayo shambulio lazima liifikie: deraya ya mabamba ni 18, ngao 2, jumla 20. Goblini anaongeza +4 kwenye dadu yake, kwa hiyo alihitaji 16 kwenye dadu ya pande 20, yaani 25%. Ukiongeza +2 ya deraya anahitaji 18: 15%. Mapigo yamepungua kwa 40%, si 10% kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana +1 ya mwisho ina uzito kuliko ya kwanza.

Kosa ni kuwapandishia maadui wote nyongeza ya shabaha. Adui wa +10 atampata mchawi wa kikundi mwenye kinga ya 12 kila mara isipokuwa dadu ikitoa 1. Mchawi ndiye atakayezikwa.

Badala yake, tumia mashambulizi yasiyojali kinga: moto, sumu, uchawi wa akili. Uchawi wa kuchoma chuma unamfaa sana: madhara ya 2d8 (dadu mbili za pande 8) kila raundi, na kuvua deraya hiyo ni dakika 5. Kuivaa ni 10, basi wavamie usiku kambini akiwa hajaivaa.

Zawadi ijayo mpe deraya ya mabamba ya mithrali (chuma chepesi cha kubuni) isiyo na nyongeza. Atanyata kimya, kinga irudi 20, iwapo atakubali kubadilisha!