Kabla Hamjachangishana Saruji ya Ukuta wa Bahari

Kijana mmoja wa Kilwa ameniandikia: "Shikamoo kaka. Bahari imeshaangusha minazi yote mbele ya diko letu la kupandishia ngalawa, sasa inanyemelea makaburi. Tumechangishana, fundi yupo, mawe yapo. Tunaomba baraka zako tuanze ukuta."

Baraka nimemnyima. Nadhani amenuna, maana kimya. Basi namjibu hapa hadharani, pamoja na nyinyi wengine mliomo kwenye kamati za vijiji na BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi, kuanzia Moa mpaka Msimbati. Najua hamu yenu ni moja: siku moja mgeni rasmi akate utepe, nyuma yake ukuta mrefu mweupe, nanyi mmesimama kwenye picha. Hata mimi niliitaka picha hiyo.

Kwetu ni kusini ya mto Pangani. Tulipokuwa watoto, ufukwe ulikuwa mpana kiasi kwamba ngalawa zilipandishwa juu, zikapangwa, na bado tukapata uwanja wa mpira. Kisha hoteli moja, jirani yetu wa upande wa kusini, ikajenga ukuta wa zege wima kulinda bustani yake. Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilipovuma, upande wetu ukaanza kuliwa. Mwaka wa kwanza tulisema ni bamvua kubwa tu, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Baadaye mizizi ya mivinje ikawa inaning'inia hewani.

Kijiji kikaitisha mkutano. Hoja ikawa moja: wao wana ukuta, na sisi tujenge. Mimi nilikuwa katibu, nikasimama nikapinga. Sikuwa na shahada, ila nilikuwa nimekaa sana na nahodha mmoja mzee aliyeniambia, "Mwanangu, mchanga huu si wetu, unapita tu." Alinionyesha kwamba miezi ya kusi mchanga husukumwa kwenda kaskazini, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia sehemu yake hurudi. Ukiweka kitu kigumu katikati ya safari hiyo, aliye mbele yake anakosa chakula. Nikauliza mkutanoni: tukijenga, jirani zetu wa kaskazini watakula nini?

Niliitwa mpinga maendeleo. Mmoja akasema nimehongwa na hoteli. Mimi! Watu waliokula kwangu Idi walicheka. Nimewasamehe, tunasalimiana vizuri msikitini, ingawa mpaka leo hakuna aliyesema "tulikukosea".

Vikao vya michango naviruka, mnavijua. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya tumbawe na saruji, ukasimama ukapendeza. Kusi lililofuata, likakutana na bamvua, ukalala kifudifudi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana wengi mnadhani ukuta huangushwa na wimbi linaloupiga usoni. Wetu uliangukia upande wa baharini. Wimbi likikuta ufukwe wa mlalo hutambaa, likachoka, likaacha mchanga wake pale. Likikuta ukuta wima halichoki: linarudi na nguvu zake na kufukua chini, kwenye mguu wa ukuta. Wakati huohuo maji yanayoruka juu hukusanyika nyuma, na kama fundi hakuacha matundu ya kuyatoa, yanasukuma. Akiacha matundu bila kitambaa cha kuchuja, mchanga wa nyuma unatoka na maji kidogo kidogo hadi ndani kunabaki pango. Msingi wetu ulikaa juu ya mchanga uleule uliokuwa unaondoka. Fundi alikuwa hodari wa nyumba, na nyumba zake zipo hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: ulizeni mchanga wenu unatoka wapi na unakwenda wapi. Waulizeni wazee wa bahari kabla ya kumwita fundi.

Sisemi kuta hazifai. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama pale Dar es Salaam, zaidi ya mita 800, umeokoa barabara iliyokuwa inamegwa. Lakini ule ulikuwa mradi wa serikali na Umoja wa Mataifa, wenye wahandisi na vipimo, na sehemu nyingine za mradi zilihusu kupanda mikoko na kurudisha matumbawe. Tena ulijengwa kulinda kilicho nyuma yake, yaani barabara. Ukuta haulindi ufukwe ulio mbele. Mkijenga mbele ya diko, mtabaki na ukuta na maji, na ngalawa hamtakuwa na pa kuzipandisha. Ndiyo maana nauliza: mnalinda nini? Makaburi au diko? Majibu ni mawili tofauti, na kijana wangu wa Kilwa ameyachanganya kwenye ujumbe mmoja.

Ushauri wa pili ni uleule wa kwanza: mchanga unatoka wapi? Pwani yetu hulishwa na mito. Mto Pangani ulifungwa kwa ajili ya umeme, Hale mwaka 1964, kisha Maporomoko Mapya ya Pangani mwaka 1995, na bwawa hukamata tope na mchanga ambao ungefika baharini. Nendeni Kunduchi mkaone: vijito vya Tegeta na Mbezi vimechimbwa mchanga miaka mingi kujenga majumba ya jiji, na ufukwe wa huko umeliwa mpaka hoteli zikaweka matuta ya mawe kuingia baharini kila moja kivyake. Na bahari haiogopi ukubwa wa mtu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani.

Sasa niwaambie ukweli hata kama mtachukia. Wengi wanaolia na bahari jioni, asubuhi walikuwa wanajaza mchanga kwenye lori. Hao hao wamekata mikandaa na mikoko kwa boriti, wamechoma matumbawe kupata chokaa, na kila mtu anamjua anayevua kwa baruti ila hakuna anayemtaja. Matumbawe ndiyo yanayovunja wimbi kule nje kabla halijafika kwetu, nyasi za bahari na mikoko hukamata kinachobaki. Tumebomoa kuta za bure, sasa tunachangishana kununua za saruji. Na wale waliojenga ndani ya mita 60 wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo, wasitake kijiji kizima kiwajengee ukuta. Wasogee. Najua kusogea kunauma, sisi tumesogeza diko letu juu pamoja na banda la mnada, na kuna mwanakamati aliyeninunia hadi harusi ya binti yake ikapita.

Tulichofanya baada ya aibu ile ndicho ninachojivunia. Mchanga wa ufukweni ni marufuku kuchota, na faini inalipwa. Kwenye mlango wa kijito tumepanda mikoko, mililana ikiwa mbele kabisa kwa sababu ndiyo inayostahimili maji mengi. Msimu wa kwanza miche mingi ilizolewa, kwani hapakuwa na tope la kuishika. Mikoko haipandwi kwenye ufukwe wa mawimbi, hata kama mfadhili anataka picha. Ufukwe haujarudi kama ule wa utotoni, ila diko lipo na mivinje iliyobaki imesimama. Wale walioniita mpinga maendeleo sasa wakija wageni wananisukumia mimi nieleze. Naeleza kwa kirefu.

Wewe wa Kilwa, rudi kwenye simu. Diko lisogezeni. Kwa makaburi, ambayo hayasogezwi, ulinzi wa mawe unaweza kufaa, mfupi, wa mlalo, wenye mguu uliozama chini kuliko mchanga unavyofukuliwa na kusi, na ncha zake zikigeuzwa kuingia nchi kavu ili maji yasiuzunguke. Kabla ya jiwe la kwanza, nendeni halmashauri na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, mkaulize kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, na muwaite jirani zenu wa kaskazini kwenye kikao. Chora alama za rangi kwenye miti, upime bahari imesogea kiasi gani kila bamvua, kusi na kaskazi.

Na mfano mnao hapo mbele yenu, sijui kwa nini mnaniuliza mimi wa Tanga. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ngome ya kale iitwayo Gereza ikiliwa na mawimbi, yakaondolewa mwaka 2014. Miongoni mwa kazi zilizofanyika ni gabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, pamoja na kupanda mikoko. Chukueni fundi wenu mvuke naye kwenda kisiwani mkatazame waya ulivyo baada ya miaka ya chumvi, na mawe yalivyopangwa. Nendeni maji yamekupwa, muuone mguu wa makasha hayo. Yakijaa hamtaona kitu.