Kabla Hujaitupa Mazabodi ya Zamani Iliyoharibika

Mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ya kwanza niliyoitupa ilikuwa imejaa kutu ya kijani kuanzia kwenye betri hadi kwenye tundu la kibodi, nami niliamini kwamba haiwezi kufufuka. Baadaye nilisafisha nyingine yenye hali kama ile, nikakuta njia tatu tu za shaba zinazopitisha umeme kwenye ubao ndizo zilizokatika. Ile ya kwanza naijutia hadi leo, na tangu hapo sikati shauri kabla ya kuosha.

Katika kompyuta nyingi za enzi za prosesa za 386 na 486, betri ya nikeli na kadimi ililehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Ikizeeka huvuja alkali, ambayo hula shaba na kupenya chini ya rangi ya ubao, hata ikafika mbali na pale ilipoanzia. Vaa glavu na miwani, iondoe betri, sugua sehemu iliyoathirika kwa mswaki uliochovywa kwenye siki nyeupe ili kuizimua alkali, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa na umalizie kwa alkoholi ya isopropili. Tafadhali usiiwashe kwanza eti uone kama inafanya kazi, kwa maana shoti moja yaweza kuunguza chipu iliyokuwa nzima.

Ubao ukishakauka, ukague kwa kioo cha kukuzia. Njia iliyokatika juu ya ubao huungwa kwa waya mwembamba. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vile vitundu vidogo vinavyounganisha tabaka za ndani, kwa sababu vikiliwa, au ubao wenyewe ukipasuka, mikato mingi hubaki mahali ambapo jicho halifiki.

Kisha pima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, kati ya njia ya volti 5 na graundi (upande wa volti sifuri). Ukipata karibu omu sifuri kuna shoti, na mara nyingi chanzo chake ni kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) ya tantali, ambayo hubadilishwa kwa urahisi. Kapasita zilizovimba, kama zile za mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, nazo hazinikatishi tamaa, mradi mbadala wake uwe na ujazo uleule na volti zisizopungua, na uzingatie upande wa hasi na wa chanya.

Kwangu mimi, swali zito ni la chipu. Zile za mantiki za familia ya 74 bado zinapatikana, ilhali chipu kuu zilizoundwa kwa ajili ya kompyuta za wakati huo mara nyingi hupatikana tu kwenye ubao mwingine. Miguu ya chipu kuu ikiwa imeliwa hadi kwenye mwili wake, nami sina ya kuweka badala yake, hapo naacha, isipokuwa ubao uwe wa nadra kiasi cha kustahili kusubiri. Ubao wa aina iliyo tele nauvua soketi, kristali na chipu ya BIOS (yenye programu ya kuanzishia kompyuta), kisha naandika kwenye kila kifuko jina la ubao zilikotoka.