Paka machachari atafutiwe nyumba yenye saa zake, si yenye uwanja

Mhariri, swali lenu la wiki lilitoka kwa mtu anayejitolea katika kituo cha kuokoa paka jijini Nairobi. Ana paka dume wa miezi 14, mzima wa afya, amehasiwa, na familia mbili zimekwisha kumrudisha kwa sababu moja: hatulii. Anauliza amtafutie nyumba ya namna gani.

Amtafutie nyumba ambayo mtu yuko macho na ana nafasi alfajiri na jioni. Ukubwa wa nyumba ni jambo la pili, na uwanja ni la mwisho kabisa.

Hata paka mtundu kupindukia hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Nguvu zake hulipuka kwa vipindi vifupi, hasa mapambazuko na magharibi, nyakati za kuwinda. Kwetu karibu na ikweta saa hizo hazihami sana mwaka mzima: tuseme saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, kisha saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Sasa tazama familia nyingi za mjini. Wazazi wanatoka saa 11 na nusu kuwahi matatu, watoto wanafuata na basi la shule, na wote wanarudi usiku wakiwa hoi. Paka amelala mchana kutwa, ameamka hakuna mtu, na taa zinapozimwa yeye ndiyo kwanza anaanza siku yake. Anaruka juu ya kitanda, anang'ata vidole vya miguu chini ya blanketi, na kufikia Ijumaa jina lake limeshakuwa "msumbufu". Familia hiyohiyo ingeishi raha mustarehe na paka wa miaka 8.

Kwa hiyo katika mahojiano, swali la kwanza lisiwe "mna nafasi?" Uliza nani anaamka wa kwanza na anafanya nini katika nusu saa ya mwanzo. Uliza nani anabaki nyumbani mchana. Katika nyumba nyingi anayebaki ni dada wa kazi, na hapo ndipo vituo vingi hukosea: wanahoji mwenye nyumba, wanampa fomu atie sahihi, na dada hakuulizwa lolote. Yeye ndiye atakayesafisha choo cha paka na kumtoa juu ya kabati. Kama anaogopa paka, au amelelewa akiamini kwamba paka ni mambo ya majini, huyo paka atafungiwa bafuni kuanzia asubuhi. Zungumzeni naye peke yake, bila bosi kusimama hapo, na akisema hapana, jibu ni hapana.

Mwalimu anayerudi saa 10, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mtu anayefanya kazi kwa kompyuta sebuleni, familia yenye watoto wa miaka 8 na kuendelea ambao wanaweza kushika kijiti cha mchezo bila kumkimbiza paka: hao ndio watu wake. Watoto chini ya miaka 5 wasipewe paka wa namna hii. Mikono yao inakwenda kasi, wanapiga kelele za juu, na kwa paka hayo mawili yanafanana mno na windo. Mzee anayeishi peke yake naye afikiriwe kwa makini. Ngozi ya mtu mzima wa miaka 75 huchanika kwa mkwaruzo mdogo, na paka anayepita kati ya miguu kwenye ngazi anaweza kumvunja mtu nyonga.

Kabla ya hayo yote, hakikisheni kwamba kinachoonekana ni nguvu kweli. Dume aliyehasiwa juzi bado ana homoni mwilini. Mpe hadi wiki 6 kabla ya kumpa sifa yoyote. Jike asiyehasiwa akiwa kwenye joto la kutafuta dume hulia usiku kucha na kubiringika sakafuni, na watu humwita machachari. Minyoo humfanya ale sana na kuhangaika bila kunenepa. Viroboto humfanya arukeruke na kugeuka ghafla kujilamba mgongo. Paka aliyevuka miaka 10 ambaye ameanza kukimbia huku na huko, anakula kupita kawaida na bado anakonda, huenda tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Ndani ya kizimba cha kituo pia hapapatikani ukweli. Wapo wanaogonga vyuma siku nzima kwa sababu ya kubanwa tu, na wapo waliojikunyata kwa hofu ambao wakifika nyumbani wanageuka kimbunga. Mtoe paka, mweke katika chumba kitupu kwa nusu saa jioni, na kijiti chenye kamba na manyoya ya kuku. Angalia anacheza muda gani kabla ya kulala chini mwenyewe. Ondoa kijiti, uone anageukia kitu kingine au miguu yako. Kisha angusha sufuria upande wa pili wa mlango. Paka anayeshtuka halafu baada ya dakika moja anakuja kuchungulia ataweza nyumba yenye watoto na wageni. Anayebaki chini ya kiti hadi mwisho ana nguvu na woga pamoja, na atafutiwe nyumba ya mtu mmoja au wawili.

Nyumba yenyewe ikaguliwe kwa macho. Grili za madirisha si kizuizi: kichwa kikipita, mwili unafuata. Wavu wa mbu nao haufiki mwezi, kucha huupasua pembeni. Kinachofaa ni wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, uliobanwa kwenye fremu ya mbao kwa skrubu na washa (pete bapa za chuma) kila sentimita 15. Roshani ya ghorofa ifungwe hivyohivyo hadi juu, si nusu. Paka anayefukuza nondo hasimami kupima urefu wa ghorofa, na dhana kwamba daima huanguka kwa miguu salama imewavunja taya na miguu wengi. Kama nyumba ni ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba ya kuweka wavu na kufuga mnyama ipatikane kwa maandishi kabla, la sivyo paka atarudi siku ya kwanza jirani akilalamika.

Mita za mraba ziache. Paka hutumia kimo. Rafu 4 za mbao zenye upana wa sentimita 28 hadi 30, zilizopandishwa kama ngazi ukutani kwa tofauti ya sentimita 35 hivi, ya juu kabisa ikiwa karibu na mita 1.7, zinamfaa kuliko chumba cha ziada. Zifungwe kwa skrubu za inchi 3 na plagi zake, kwa maana paka wa kilo 5 akitua kwa kuruka anaisukuma rafu kwa nguvu inayozidi sana uzito wake. Bandika kipande cha zulia juu ya kila moja. Rafu inayoteleza ataikanyaga mara moja tu, kisha atarudi kwenye pazia.

Nguzo ya kukwaruzia ni lazima, na nyingi za dukani ni fupi na nyepesi. Paka mzima hujinyoosha mwili wote anapokwaruza, hivyo nguzo iwe na sentimita 80 hadi 90 na isitikisike. Ukitengeneza mwenyewe, chukua nguzo ya mbao ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 10, kitako cha ubao mzito wa sentimita 50 kwa 50, na kamba ya katani ya milimita 10. Kufunika sentimita 80 za nguzo kunahitaji mizunguko 80, kila mmoja ukila karibu sentimita 35, kwa hiyo nunua mita 30 ubaki na akiba ya kufungia. Usitumie kamba ya nailoni. Inateleza na nyuzi zake humezwa. Iweke nguzo karibu na anapolala au kando ya kochi analolishambulia. Ukiificha nyuma ya mlango umefanya kazi bure.

Kuhusu mchezo, walezi wengi wanakosea kwa namna moja: wanatikisa kamba mbele ya uso wa paka mpaka wachoke wao. Windo halimfuati mwindaji. Kokota manyoya yakimkimbia, yajifiche nyuma ya kiti, yatulie, yatikisike kidogo. Mwache ayakamate kila baada ya muda mfupi. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, alfajiri mara moja na jioni mara moja au mbili, na mwisho punguza kasi kisha mpe chakula papo hapo. Kuwinda, kukamata, kula, kujisafisha, kulala: ukimfuatishia mpangilio huo saa 2 usiku, uwezekano wa kuamshwa saa 9 unashuka sana. Taa ya leza peke yake haifai kwa sababu hakuna anachokamata. Anabaki na hamu ambayo itaishia kwenye kifundo cha mguu wako. Akihema mdomo wazi, simamisha mara moja, hasa Mombasa au Dar es Salaam kwenye joto la Februari. Na kijiti kikitumika kifungiwe kabatini. Uzi uliomezwa hukunja na kukata utumbo. Ukiuona umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, nenda kwa daktari.

Kamwe mkono usiwe kitu cha kuchezea. Aking'ata, tulia kama gogo bila kuvuta, akilegeza ondoka kwa dakika moja. Kumpiga au kumrushia maji kunamfundisha kukuogopa wewe tu.

Chakula nacho kigeuzwe kazi. Chupa ya plastiki ya nusu lita, tundu 3 zinazozidi kidogo punje ya chakula kikavu, na ana shughuli ya robo saa. Gawanya chakula cha siku mara 4 au 5. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wafichwe kwenye trei ya mayai. Lakini ugali na maziwa havimjengi paka, kwani anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, na hicho kinatoka kwenye nyama na samaki.

Swali la paka wa pili halikwepeki. Kwa dume huyu wa miezi 14, mwenzake aliyehasiwa wa umri unaokaribiana, mpenda mieleka, huenda akawa dawa kuliko rafu zote. Kumpeleka kwa paka mzee wa miaka 12 ni kumtesa mzee. Kwanza watengwe vyumba viwili, wabadilishane matambara ya kulalia, wale pande mbili za mlango uliofungwa, na ndipo waonane kidogokidogo. Kazi hiyo huchukua wiki 2 hadi 4. Mchezo ni wa kimya, wanapokezana kukimbizana, kucha zimefichwa. Masikio yakilala, mmoja akiwa ndiye anayekimbizwa kila mara na kujificha, huo si mchezo. Vyoo viwe 3, idadi ya paka ongeza kimoja.

Najua wapo watakaoandika: mpelekeni shamba akakamate panya. Mara nyingi huko ni kumtupa kwa heshima. Paka aliyeachiwa mahali pageni siku ya kwanza huondoka kutafuta alikotoka. Mashambani na maghalani huwekwa sumu ya panya inayozuia damu kuganda, na paka akila panya aliyelishwa sumu anaweza kuipata yeye pia, dalili zikitokea siku kadhaa baadaye. Isitoshe, dawa za kupe za mbwa na ng'ombe zenye kemikali za permethrini au amitrazi ambazo watu huwapaka paka kwa nia njema ni hatari kwao. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna paka wengi wa vichochoroni, lakini kila gati na kila bucha kuna wenyewe. Mgeni hapokewi kwa tarumbeta. Ghala linafaa kwa paka asiyependa watu tu, akifungiwa humo wiki 3 hadi 4 kwanza, akilishwa kila siku, na sumu ikiwa imeondolewa. Dume anayesemwa hapa anawataka watu, ndiyo maana anawasumbua.

Tangazo lake liseme kweli. "Paka mzuri mwenye upendo" ndilo lililomrudisha mara mbili. Andikeni hivi: "Dume, miezi 14, amehasiwa na kuchanjwa. Anaamka saa 11 alfajiri na atakuamsha. Anapanda mapazia. Anajua kufungua kabati lisilo na kitasa cha kugeuza. Anataka kucheza mara mbili kwa siku, kila siku. Hafai kwa watoto wadogo." Simu zitapungua, na zitakazokuja zitakuwa za watu wanaocheka wanaposoma.

Majaribio ya wiki 2 hayatoshi. Siku za mwanzo paka anakaa chumba kimoja akijificha, wiki ya pili anazoea, na nguvu zake halisi zinaonekana ya tatu, pale ambapo kituo kimeshafunga faili. Wekeni wiki 4, na mpigieni mlezi siku ya 3, ya 10 na ya 20, mkiuliza mambo mahususi: alilala wapi, alikojoa wapi, alicheza saa ngapi na nani. Mkataba useme wazi kwamba akishindikana anarudi kituoni na hapewi jirani. Wala asitolewe wiki ya mwisho ya Novemba au Desemba. Watu wakisafiri mashambani kwa Krismasi, paka mgeni huachiwa mlinzi na bakuli la chakula, na Januari mnapiga simu mnaambiwa alipotea.