Je, Watumwa Waliwahi Kupigania Uhuru Uwanjani?

SWALI: Mhariri, binti yangu anapenda riwaya za kubuni ambamo vijana watumwa huuana katika mashindano ili atakayebaki apewe uhuru. Je, jambo hili liliwahi kutokea? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Liliwahi, ndugu msomaji, ingawa si kama riwaya zinavyolieleza. Katika Roma ya kale magladieta, ambao wengi wao walikuwa watumwa, mateka wa vita au wahalifu, walipigana mbele ya umati, na aliyejipatia sifa za kutosha aliweza kukabidhiwa upanga wa mbao ulioitwa rudis, uliokuwa ishara kwamba halazimiki tena kupigana. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Priscus na Verus, waliopambana mwaka 80 BK katika michezo ya kuzindua Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho mjini Roma: walilingana nguvu hata wote wawili wakakiri kushindwa kwa pamoja, naye Kaisari Titus akawapa wote ushindi pamoja na panga za mbao.

Si kila pambano liliishia kwa kifo, kwa kuwa kumfunza na kumlisha mpiganaji kuligharimu fedha nyingi, na mmiliki (hesabu ni hesabu) hakupenda kuzipoteza.

Wengine, hata hivyo, hawakungoja zawadi ya mtu. Mwaka 73 KK Spartacus na wenzake wapatao 70 walitoroka chuo cha magladieta cha Capua wakiwa na visu vya jikoni na vyuma vya kuchomea nyama, wakaanzisha vita ambavyo Roma ilivizima mwaka 71 KK.